Curtis (1970): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu albamu ya kwanza ya Curtis Mayfield peke yake

Mtu akitaka kuujua muziki wa soul wa Chicago, yaani ule muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi kwenye injili, nitamwambia aanze na santuri iliyotoka Septemba 1970 ikiwa na jina moja tu juu yake: Curtis. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi zaidi kila albamu hii inapotajwa. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine yana mambo mengi ndani yake, na hayo nimeyapa nafasi.

Alikuwa akirekodi tangu 1958. Inakuwaje albamu yake ya kwanza iwe ya 1970?

Miaka yote ile alikuwa ndani ya kundi la The Impressions. Curtis Mayfield alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942, akalelewa kwa muziki wa kanisa la bibi yake, na alikuwa hajatimiza hata miaka 17 kundi lilipopata wimbo wao wa kwanza mkubwa, For Your Precious Love. Wakati huo mwimbaji mkuu alikuwa Jerry Butler, rafiki yake waliyeimba naye injili wakiwa watoto. Butler akaondoka kuimba peke yake, na Curtis akabaki kumpigia gita na kumtungia nyimbo kabla ya kulirudisha kundi kazini likiwa chini yake.

Kuanzia Gypsy Woman ya 1961, Impressions maana yake ilikuwa ni Curtis. Alitunga, akaimba mbele, akapiga gita. It's All Right ya 1963 ilifika namba 1 kwenye chati ya R&B (chati ya muziki wa weusi) na namba 4 kwenye chati kuu ya Marekani. Zikafuata Keep On Pushing, People Get Ready, We're a Winner. Kwa hiyo ilipofika 1970 alikuwa na umri wa miaka 28 na uzoefu wa mzee wa kazi. Ugeni wake kwenye albamu hii ni wa jalada tu.

Impressions walikuwa bendi ya vyombo?

Hapana, walikuwa waimbaji: Curtis, Sam Gooden na Fred Cash, na gita la Curtis. Wapiga vyombo wengine walikodishwa. Upekee wao ulikuwa kwenye kupokezana mistari. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia, kisha wote watatu wanakutana juu. Mtindo huo waliutoa kanisani, na vijana wa Jamaika waliuiga sana, Bob Marley na wenzake wakiwemo. Ukiimba One Love ya Marley ya 1977 unamwimba na Curtis, maana People Get Ready imo ndani yake na jina la Mayfield limeandikwa kwenye umiliki wa wimbo.

Waligombana ndiyo maana akaondoka?

Watu wanapenda sana hadithi ya ugomvi, lakini hapa haipo. Aliondoka kwenye jukwaa la kundi, si kwenye maisha yake. Aliendelea kuwatungia na kuwaongozea rekodi zao kwa miaka kadhaa, na lebo, yaani kampuni ya rekodi, iliyotoa nyimbo zao ilikuwa yake.

Sababu zenyewe ni za kawaida. Ya kwanza ni muda, kwa kuwa alikuwa akiendesha kampuni huku akizunguka na kundi mikoani. Ya pili ni aina ya nyimbo alizokuwa akiziandika. Ukisikiliza nyimbo za mwisho alizofanya nao, kama Choice of Colors ya 1969 na Check Out Your Mind ya 1970, unasikia maneno na midundo inayoelekea mahali ambapo sauti tatu tamu zilizovaa suti zinazofanana zisingefika kwa urahisi. Sam na Fred walikuwa waimbaji wa hali ya juu, lakini jaribu kuwaza If There's a Hell Below ikiimbwa kwa kupokezana kama People Get Ready. Haiendi.

Nani alichukua nafasi yake?

Leroy Hutson, aliyesoma Chuo Kikuu cha Howard na kushiriki chumba kimoja na mwimbaji Donny Hathaway. Hao wawili ndio walioandika wimbo The Ghetto. Hutson naye aliondoka baada ya miaka michache na kutoa albamu zake, nazo zinatafutwa sana na wakusanyaji wa santuri siku hizi.

Curtom ni nini, na kwa nini inatajwa kila Curtis anapotajwa?

Ni lebo aliyoianzisha 1968 pamoja na Eddie Thomas, meneja wake. Jina limeundwa kwa kuunganisha majina yao. Buddah Records ndiyo iliyosambaza. Kabla ya lebo, tangu akiwa kijana mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, Curtis alikuwa ameshafungua kampuni ya kushikilia haki za nyimbo zake. Hilo lilikuwa jambo la nadra. Wenzake wengi wa rika lake walisaini kila walichowekewa mezani, na wengine waliishia kusikia nyimbo zao redioni bila kuona senti.

Naitaja kila mara kwa sababu bila Curtom albamu hii isingekuwa na umbo ililonalo. Wimbo wa ufunguzi unakaribia dakika nane na umejaa maneno ambayo redio za wakati ule zingeyakwepa. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili, Move On Up, unakaribia dakika tisa, na karibu nusu yake haina mtu anayeimba. Prodyuza ni Curtis, mtunzi ni Curtis, mwenye lebo ni Curtis. Angekuwa ameajiriwa, mtu fulani ofisini angesema kata. Hapo hapakuwa na mtu wa kusema hivyo.

Ofisi za Curtom hazikuwa za mtu mmoja pia. Donny Hathaway alipita pale akipanga muziki kabla hajawa maarufu, na Baby Huey, yule mwimbaji mkubwa wa mwili na wa sauti, alirekodi pale albamu yake pekee. Alifariki Oktoba 1970, wiki chache baada ya albamu ya Curtis kutoka, na yake ikatoka 1971 akiwa kaburini.

Albamu ina nyimbo ngapi?

Nane, dakika 40 hivi. Upande wa kwanza: If There's a Hell Below, We're All Going to Go, The Other Side of Town, The Makings of You, We the People Who Are Darker Than Blue. Upande wa pili: Move On Up, Miss Black America, Wild and Free, Give It Up. Zote alizitunga mwenyewe, na zilirekodiwa Chicago.

Kwa nini mtu mpole namna ile alifungua albamu yake ya kwanza kwa jehanamu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Kwanza sikiliza kinachotokea. Gita la besi linaingia likiwa limepotoshwa sauti hadi linanguruma. Konga, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, zinaanza. Mwanamke anazungumza habari za Kitabu cha Ufunuo, kwamba laiti watu wangekisoma. Kisha inakuja sauti ya Curtis yenye mwangwi mkali, akiyaita makundi ya watu kwa majina yao ya matusi, weusi, weupe, Wayahudi, wote, na kuwaambia kwamba kama kuna moto huko chini basi safari ni ya wote. Halafu anapiga ukelele, na vyombo vyote vinaingia kwa pamoja.

Kwa msikilizaji wa Chicago mwaka 1970, hayo yalikuwa habari za mtaani kwake. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, na mitaa ya upande wa magharibi wa jiji ikawaka moto. Agosti mwaka huohuo polisi waliwapiga waandamanaji nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, kamera za televisheni zikiona. Tarehe 4 Desemba 1969 polisi walimuua Fred Hampton, kiongozi kijana wa chama cha weusi cha Black Panther, akiwa kitandani, naye alikuwa na miaka 21. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea kumeza vijana. Rais Nixon anatajwa ndani ya wimbo akiwaambia watu wasiwe na wasiwasi, na namna Curtis anavyolirudia neno hilo la kutuliza inatisha kuliko kelele zote zilizotangulia.

Wimbo huu hata hivyo umetungwa na mtu wa kanisa, na hapo ndipo wengi wanapoupotosha. Wanauita wimbo wa hasira. Mimi nausikia kama mahubiri ya Jumapili asubuhi, yale ambayo mhubiri anawaonya waumini wake mwenyewe kabla ya kumwonya mtu wa nje. Hakuna anayeachwa nje ya lawama, na mwimbaji amejiweka ndani pia. Miaka mitano nyuma, kwenye People Get Ready, huyuhuyu aliwaambia watu wapande treni, imani pekee ndiyo nauli. Ni mhubiri yuleyule, ila treni imechelewa mno na abiria wameanza kupigana stesheni.

Gita lake mbona haliigiki?

Alijifundisha mwenyewe, na akalifunga gita kwa namna yake. Alikuwa ameanza na piano, akizipenda funguo nyeusi, basi alipopata gita alizifunga nyuzi zake zifuate funguo hizo, yaani msingi wa F kali (F#). Mpiga gita mwenye ufungaji wa kawaida anaweza kupata noti zilezile, lakini hapati ule mserereko wa kidole kimoja kupita nyuzi kadhaa, wala mapambo madogomadogo kati ya mstari na mstari. Jimi Hendrix alikuwa mmoja wa waliomsikiliza kwa makini. Kama unataka kujaribu, badili ufungaji kwanza. Bila hivyo utapoteza jioni nzima.

Na ile sauti nyembamba?

Ndiyo sauti yake ya kuimbia siku zote. Kwenye Impressions ilielea juu ya sauti mbili nzito, hivyo haikubeba mzigo peke yake. Kwenye albamu hii haina mto wa kulalia, na nadhani Curtis alilijua hilo, ndiyo maana akaizungushia ala nyingi: tarumbeta, violini, kinubi, konga. Wapangaji wa ala walikuwa Riley Hampton na Gary Slabo. Hampton ndiye aliyepanga zile violini za At Last ya Etta James miaka kumi nyuma, kwa hiyo utamu wa The Makings of You haukuja kwa bahati. Katika wimbo huo vyombo vinampisha mwimbaji kama watu wanaompisha bibi harusi mlangoni.

Wapo wanaosema sauti hiyo ni dhaifu mno kwa maneno mazito. Mimi naona ndiyo nguvu yake. Maneno ya The Other Side of Town, ya mtu aliyekulia upande wa mji ambako jua halionekani na mdogo wake ana njaa, yangeimbwa kwa kifua kikubwa yangekuwa hotuba. Yakiimbwa karibu na kunong'ona, unayaamini.

Ni wimbo gani bora kuliko yote?

We the People Who Are Darker Than Blue. Najua wengi watasema Move On Up, na sigombani nao, ila mizani yangu iko hapa.

Unaanza polepole mno, karibu kama maombolezo. Curtis anawauliza watu weusi kama watasimama tu wakitazama yale wanayosemwa yatimie. Katikati, ghafla, kila kitu kinakatika na ngoma zinaingia mbio, konga zikitangulia, na sauti yake inageuka ya kuamrisha. Kisha mwendo unarudi ulikotoka na upole unarejea, lakini baada ya zile ngoma huusikii tena kama ulivyousikia mwanzo.

Kuna sehemu moja ndani yake isiyozungumzwa vya kutosha. Anawageukia watu weusi wenyewe kuhusu kubaguana kwa wekundu na weusi wa ngozi, na kumwambia msichana wa rangi nyepesi kwamba yeye ni uso wa juu tu wa kisima kirefu chenye giza. Mwaka 1970 watu wengi waliimba kwamba weusi ni uzuri. Wachache waliingia nyumbani na kutaja chumba kile ambacho familia huwa zinakifunga wageni wakija.

Move On Up: kwa nini dakika karibu tisa?

Kwa sababu ngoma hazikuchoka! Kwa kifupi ni hivyo.

Kwa urefu: wimbo unaanza na tarumbeta ambazo ukizisikia mara moja huzisahau, na Curtis anazungumza na mtoto. Nyamaza usilie, songa juu, utakutana na vikwazo, usirudi nyuma. Maneno yanakwisha karibu katikati ya wimbo. Baada ya hapo ni ngoma, konga, gita na saksafoni, dakika baada ya dakika. Mwenye haraka ataona ni kujaza nafasi. Mwenye kucheza atajua kwamba wimbo umeanzia hapo.

Mwimbaji Isaac Hayes alikuwa ameshaonyesha mwaka 1969, kwa albamu yake Hot Buttered Soul yenye nyimbo nne tu, kwamba wanunuzi weusi wako tayari kununua albamu ya nyimbo ndefu. Hilo lilikuwa somo kubwa la biashara, kwa sababu kampuni nyingi ziliamini kuwa soul ni muziki wa singo, yaani wimbo mmoja mmoja unaouzwa peke yake, na kwamba albamu ni kapu la kuwekea masalia. Hayes alirefusha kwa kuzungumza na kwa violini. Curtis alirefusha kwa mdundo.

Miss Black America haijapitwa na wakati?

Kiasi, ndiyo. Mashindano ya urembo yenye jina hilo yalianza 1968, wakati ambapo yale makubwa ya Miss America yalikuwa hayajawahi kumpandisha mwanamke mweusi jukwaani kama mshindani. Wimbo unafunguliwa na mtoto wa kike akiulizwa atakuwa nani akiwa mkubwa. Leo kumwambia msichana kwamba kilele chake ni taji la urembo kunakwaruza sikio, lakini kiitikio chake kitamu kinamshinda hata anayelalamika. Ni wimbo wa dakika tatu. Utapita.

Wild and Free na Give It Up je?

Nzuri, na ndizo nyepesi zaidi. Give It Up ni wimbo wa mapenzi yaliyokwisha, na kwa albamu iliyoanza na jehanamu ni mwisho wa ajabu kidogo. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo.

Albamu ilipokelewaje ilipotoka?

Inategemea unamuuliza nani, na tofauti hiyo ndiyo inayonivutia.

Wanunuzi weusi wa Marekani waliipokea mara moja. Ilifika namba 1 kwenye chati ya Billboard ya albamu za soul na kukaa kileleni jumla ya wiki tano. Kwenye chati kuu ya albamu ilifika namba 19. If There's a Hell Below ilitolewa kama singo na kufika namba 3 kwenye R&B na namba 29 kwenye chati kuu, ingawa hapakuwa na dalili yoyote kwamba imetengenezwa kwa ajili ya redio.

Wahakiki wa magazeti ya rock walisitasita. Rolling Stone haikuichangamkia. Robert Christgau, mmoja wa wahakiki waliosomwa sana, alikiri kwamba mwanzoni hakuyaamini mafundisho haya ya fahari ya weusi, Miss Black America hasa, na kwamba aliirudia baada ya kuona wasikilizaji weusi wanaithamini. Alipoirudia akazikubali zile nyimbo mbili ndefu. Namheshimu kwa kulisema wazi. Mpangilio wenyewe uangalie lakini: watu waliokuwa wakiimbwa walielewa kwanza, na waliokuwa na kalamu wakawafuata.

Sehemu ya tatizo ilikuwa kipimo. Mhakiki wa rock wa 1970 alimtafuta mshairi, mtu wa mafumbo ya kina. Maneno ya Curtis yakisomwa kwenye karatasi ni ya wazi, vina vyake wakati mwingine vinalazimishwa, na anapenda kushauri. Yamekusudiwa kusikika juu ya konga. Kuyahukumu kwenye karatasi ni kumkosea.

Miongo iliyofuata ilimaliza ubishi. Albamu imeingizwa kwenye orodha nyingi za albamu kubwa za karne, ikiwemo ile ya 500 ya Rolling Stone iliyopangwa upya mwaka 2020. Ndiyo, Rolling Stone ileile.

Move On Up ilikuwa hit?

Marekani, hapana. Haikupata nafasi yoyote ya maana kama singo. Uingereza ndiko ilikofika namba 12 mwaka 1971, ikiwa imekatwa iwe fupi. Tangu hapo Waingereza wanaichukulia kama mali yao. The Jam, bendi ya hukohuko, waliirudia 1982, mwaka wao wa mwisho kama bendi.

Ni kweli ilitangulia What's Going On ya Marvin Gaye?

Kwa miezi minane. Curtis ilitoka Septemba 1970, ya Marvin Mei 1971. Sisemi Marvin aliiga. Alikuwa na sababu zake, mojawapo ni barua na simulizi za mdogo wake aliyekuwa Vietnam. Wala Curtis hakuwa wa kwanza kabisa. Sly Stone alikuwa ameshatoa albamu Stand! mwaka 1969, na kundi la The Temptations walikuwa wameanza kuimba habari za mitaani.

Linganisha tu njia walizopita. Marvin alilazimika kuvutana na Berry Gordy, mwenye lebo yake ya Motown, ambaye hakuutaka wimbo ule utolewe. Curtis hakuwa na wa kuvutana naye. Sina shaka kwamba What's Going On ni albamu iliyosukwa vizuri zaidi, nyimbo zake zikiingiana bila mshono. Curtis ina kingo kali na inarukaruka. Ukinilazimisha kuchagua ya kusikiliza leo, nitachukua hii yenye kingo.

Muziki huu ulifika Afrika Mashariki wakati ule?

Soul ilifika, tena kwa kishindo hadi serikali ikashtuka. Dar es Salaam, mwishoni mwa 1969, utawala wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za starehe. Ilikuwa mwaka uleule wa Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Soul iliwekwa kwenye kapu moja na uigaji wa Kimagharibi. Kinachonichekesha, kwa uchungu kidogo, ni kwamba chini ya mwaka mmoja baadaye Chicago ilitoa albamu ambayo ujumbe wake wa kujitegemea na kujithamini ungeweza kusomwa kwenye mkutano wa TANU bila mtu kukunja uso.

Mombasa mambo yalikuwa mengine. Slim Ali na Hodi Boys walipiga soul yao kwa Kiingereza na kupendwa pwani na bara, na anayetaka kusikia jinsi sauti ya pwani ilivyoichukua soul aanzie hapo.

Ni wasanii gani wa karibuni walioitumia?

Kanye West, zaidi ya wote. Touch the Sky ya 2005, akiwa na Lupe Fiasco, imejengwa juu ya tarumbeta za Move On Up, ambazo prodyuza Just Blaze alizipunguza mwendo. Vijana wengi walizisikia hapo kwanza na wakadhani ni za Kanye. If There's a Hell Below ilifungulia kila sehemu ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya The Deuce mwaka 2017. Na kabla ya hao, Gladys Knight na The Pips waliimba upya The Makings of You mwaka 1974, kwenye muziki wa filamu ya Claudine ambao Curtis mwenyewe aliutunga na kuuongoza. Wapo wanaoona toleo la Gladys limepita la mwenyewe. Siku nyingine nakubaliana nao.

Baada ya hapo alifanya nini?

Mengi, tena haraka. Januari 1971 alirekodi Curtis/Live! ndani ya klabu ndogo ya Bitter End, New York, akiwa na kikosi kidogo bila tarumbeta wala violini, Master Henry Gibson kwenye konga. Roots ikafuata mwaka huohuo. Kisha Super Fly ya 1972, muziki wa filamu uliofika namba 1 Marekani nzima. Mafanikio hayo yaliifunika Curtis kwa muda mrefu. Mtu akisema anamjua Mayfield, mara nyingi anaijua Super Fly.

Ni nini kilimpata?

Tarehe 13 Agosti 1990, kwenye onyesho la uwanjani Brooklyn, upepo uliangusha vyuma vya taa jukwaani vikamwangukia. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini, na gita likaishia siku hiyo. Mwaka 1996 alitoa New World Order, aliyoiimba akiwa amelala chali ili mapafu yapate hewa, mstari mmoja kwa wakati. Alifariki Roswell, Georgia, tarehe 26 Desemba 1999.

Nitafute toleo gani?

Kama una mashine ya santuri, lolote lililo safi litakufaa, mradi usikubali mkusanyiko wenye Move On Up iliyokatwa. Kwa wa CD au wa mtandaoni, tafuta lile la lebo ya Rhino la mwaka 2000, lenye rekodi za majaribio mwishoni. Mojawapo inaitwa Ghetto Child. Aliyeisikiliza sana Super Fly ataitambua kabla ya dakika kuisha: ndiyo Little Child Runnin' Wild, wimbo wa kwanza wa albamu ile, ukiwa bado haujapewa filamu.